X Ni Ngapi, Jamani?

Wathibiti ubora wa shule hawana kawaida ya kutuma salamu. Unageuka kutoka ubaoni, unamkuta mmoja keshakaa dawati la nyuma, magoti yanagusa kidevu. Bahati nzuri siku hiyo nilikuwa na zana: saa ya ukutani ya sebuleni kwangu, ile ya namba za Kirumi. Mke wangu aliitoa shingo upande.

Wiki iliyopita Darasa la Nne walikuwa wamemaliza thamani ya tarakimu, na walikuwa wameiva kweli. Basi nikaandika XII, nikauliza nani ataisoma.

Msichana wa mbele akaja, akachora jedwali bila kuambiwa. X akaitia kwenye mamia, I kwenye makumi, I ya mwisho kwenye mamoja.

"Mamia kumi, kumi moja, na moja. Jumla 1,011."

Akapigiwa makofi. Hesabu haikuwa na kasoro, ndiyo maana iliniuma.

Nikaeleza kwamba Warumi hawakuwa na makumi na mamoja kama sisi, wala sifuri. X ni kumi popote uikutapo, I ikiitangulia inapungua moja, na hakuna herufi inayopangwa zaidi ya mara tatu.

"Kwa hiyo nne tunaandikaje?"

"IV!"

Safi. Nikainua saa juu kwa mbwembwe.

"Mwalimu, mbona hapo kuna vijiti vinne?"

Nikatazama. IIII! Miaka yote nakula ugali chini ya saa ile, sikuwahi kuona. (Saa nyingi za Kirumi ndivyo zilivyo, lakini nenda kamwambie hivyo mtoto uliyetoka kumkataza.)

"Na mlangoni wameandika Darasa la IV," mwingine akadakia. "Sasa sisi ni wa mlangoni au wa kwenye saa?"

Mgeni akakohoa. Nikakimbilia namba nyingine, nikaanza kuzigusa kwa kijiti.

"VI?"

"Kumi na mbili!"

"Nini? Haya, XII?"

"Sita!"

"III?"

"Tisa!"

Darasa zima, kwa sauti moja, kama kwaya ya Pasaka. Mgeni anaandika tu, hata kichwa hainui. Jasho lilikuwa limeshafika mgongoni ndipo nikang'amua: watoto wanasoma saa. Mshale ukifika VI, kwao ni saa kumi na mbili, magharibi imeingia, rudisha mbuzi. Nitawakosoaje?

"Sahauni kwamba hii ni saa," nikasema, nimeikumbatia, inagonga tik tik kifuani.

Mvulana wa dirishani akasimama. "Mwalimu, mshale mfupi umefika kwenye X!"

Nikaona hapa ndipo pa kujiokoa. "Vizuri sana. Na X ni ngapi, jamani?"

"Ni uji!"

Vikombe vikaanza kugongana chini ya madawati. Mgeni akafunga faili lake, akaninong'oneza kama kuna kikombe cha ziada.