Nani Anautia Mto Nairobi Nitrojeni?

Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una kilo 13 za nitrojeni. Binadamu naye, kwa chakula chetu cha kawaida, hutoa takribani kilo 3 kwa mwaka, nyingi zikiwa kwenye mkojo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi. Piga hesabu: ni kama mifuko milioni moja ya CAN kila mwaka, hata kabla hujamgusa mkulima wa Kiambu.

Hesabu hiyo ya haraka ndiyo nguzo ya wanaosema hatuhitaji modeli za kompyuta kutuambia nitrojeni ya mto inatoka wapi. Mto Ngong, unaoingia Mto Nairobi, unapita kando ya Kibera na Mukuru, ambako nyumba nyingi hazina bomba la majitaka. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 na ambalo watu walikuwa wakiendeshea mashua, limefunikwa na gugumaji, linalostawi kwa nitrojeni. Hapo unamtafuta nani tena? Fedha za watafiti, wanasema, zikalaze mabomba. Hoja hii ina uzito, na anayeishi karibu na mto ana haki ya kukasirika akiambiwa asubiri utafiti.

Lakini kinachotoka kwa watu si lazima kifike mtoni. Sehemu hubaki kwenye vyoo vya shimo na kupenya polepole hadi maji ya chini ya ardhi. Katika mabwawa ya majitaka ya Ruai, nyingine hugeuka gesi ikapotelea hewani. Halafu kuna mito ya Ruiru na Thiririka, inayotoka kwenye chai, kahawa na ng'ombe wa Kiambu, nayo maji yake huishia Mto Athi, kama ya Mto Nairobi. Aliye Makueni, ambako bwawa la Thwake linajengwa kwenye mto huohuo, anataka kujua kipi kitamsaidia zaidi: majitaka ya jiji yasafishwe, au mbolea ipunguzwe huku juu? Kukodolea mto macho hakujibu swali hilo. Modeli kama SWAT, programu ya kompyuta inayokadiria maji na virutubisho vinavyotoka ardhini hadi mtoni kwa kufuata mvua, mteremko, udongo na zao, inaweza kulijibu.

Shida ni kwamba SWAT ilizaliwa kwenye mashamba ya Marekani. Usipoielekeza, haimjui dereva wa lori la kunyonya vyoo anayemwaga mzigo mtoni usiku. Haijui bomba lililopasuka, wala sukuma wiki inayonyweshwa majitaka, ambapo majitaka yenyewe ndiyo mbolea. Na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Modeli ina viwango vingi vya kurekebisha. Ukipandisha cha mbolea na kushusha cha vyoo, jumla inaweza kulingana vizuri kabisa na kilichopimwa mtoni, ilhali mgawanyo ni wa uongo. Jumla sahihi haithibitishi mgawanyo sahihi, na mgawanyo ndio utakaoamua nani atozwe faini na nani ajengewe bomba.

Isotopu, yaani atomi za nitrojeni zinazotofautiana uzito, husaidia kiasi. Kwa kawaida nitrati (aina ya nitrojeni inayoyeyuka majini) ya majitaka ina nitrojeni-15, ile nzito, nyingi kuliko ile ya mbolea ya kiwandani. Ila samadi ya ng'ombe inafanana sana na ya binadamu, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitatenganisha zizi na choo. Mabaki ya dawa wanazomeza watu yanaweza.

Kwa maoni yangu modeli itengenezwe, lakini vipimo viitangulie. Maji yapimwe kila wiki kuanzia kinamasi cha Ondiri, chanzo cha Mto Nairobi, chini ya Kibera, chini ya Ruai, hadi kabla ya kuingia Athi. Kasi na wingi wa maji vipimwe pamoja nayo, amonia ikitengwa na nitrati. Amonia ikiwa juu mwezi wa Februari, mashamba yakiwa makavu, hiyo inaelekeza kwenye majitaka mabichi. Nitrati ikipanda ghafla na masika ya Aprili, mashamba, mazizi na vyoo vilivyofurika vyote vina kesi ya kujibu, na hapo ndipo modeli inapata kazi yake halisi. Majedwali ya miezi hiyo miwili yawekwe wazi, mkulima wa Githunguri na mkazi wa Mukuru wayaone, kabla yeyote kati yao hajaambiwa kosa ni lake.