Harusini siku ya kuosha masufuria

Aliyeniwasha ni mtoto wa shangazi yangu. Nimetangaza kwenye kundi la ukoo kwamba mwezi wa Mei, Mungu akipenda, nakwenda Japani. Mama hata hajamaliza kuandika dua yake, bibiye akatia neno: "Shoga, Mei maua yameshapukutika. Si sawa na kwenda harusini siku ya kuosha masufuria?" Emoji za kucheka kumi na mbili. Nilizihesabu.

Haya, tuzungumze.

Ni kweli, sakura za Tokyo, hayo maua ya micheri anayoyasema, huchanua mwisho wa Machi, Aprili ikianza miti imejaa, na baada ya siku chache upepo umeshapita nazo. Sitaziona. (Na tukitaka ubishi, kule Nemuro, mashariki ya Hokkaido, huchanua katikati ya Mei. Siendi. Nimesema tu.) Lakini mimi natembeza wageni hapa Zanzibar, mwaka wa kumi na moja huu, na hiyo hai sizoni, msimu wa watalii wengi, anayoililia ndiyo bidhaa yangu. Naijua ndani na nje. Agosti nawavusha watu kisiwani Changuu wakapange foleni kumpiga picha kobe ambaye yupo pale mwaka mzima, haendi popote, kobe huyo. Ufukweni Kendwa jua likitua hulioni jua, unaona simu za waliokutangulia. Chumba kile kile, feni ile ile, bei nyingine. Kisha masika inaingia, hoteli za ufukweni zinafunga, mapapasi, wale vijana wanaowaandama watalii, wanarudi makwao, na mji unarudi kuwa wetu.

Mei moja alikuja mzee mmoja peke yake. Nikampeleka mashamba ya viungo Kizimbani, mvua ikatubana bandani karibu saa mbili nzima. Mwenye shamba akachoma muhogo, akaanza kusimulia bei za karafuu za enzi ya baba yake, mimi natafsiri huku napuliza vidole. Ziara hatukuimaliza, hata mdalasini hakuuona. Mzee yule mpaka leo kila masika huniandikia kuniuliza kama mvua imeshaanza. Wale wa Agosti hunipa nyota tano na kunisahau kabla ndege haijaruka.

Sasa huko Japani wenyewe wana sikukuu zao zimerundikana: tarehe 29 Aprili, kisha 3, 4 na 5 Mei, na nchi nzima hutoka safari. Mimi natua tarehe 9, wameshatawanyika makazini. Mvua zao ndefu, upande wa Tokyo, huanza Juni. Hapo katikati pana wiki nne hivi, na ndizo hizo hizo ambazo huku kwetu mie sina kazi. Mwenye likizo ya mshahara hawezi kulifikiria hilo.

Halafu Mei ni mwezi wa chai. Mkoani Shizuoka wanachuma majani ya kwanza ya mwaka, na kwa kalenda yao ya zamani wanahesabu siku 88 tangu majira ya kuchipua yaanze, ikaangukia mnamo tarehe 2 Mei. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Babu yangu Makunduchi alihesabu miongo tangu Siku ya Mwaka, mwaka mpya wetu wa jadi, siku kumi kumi, ndivyo alivyojua apande lini. Alipofariki hakuna nyumbani aliyeendelea kuhesabu, mimi nikiwemo, mimi ambaye kila Julai nawapeleka wageni kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya siku hiyo, na kuwaeleza kwa madaha. Nataka kuwaona watu ambao hesabu yao bado ina kazi shambani. Hilo bibiye hakuliuliza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila kitu kitashuka bei. Pasi ya treni ya siku saba wanayouziwa wageni ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi 50,000, na haijui masika wala kiangazi. Kyoto nako sitarajii upweke. Lakini mji wa Fujikawaguchiko, mwaka 2024, ulifika mahali pa kutundika wavu mweusi kando ya barabara ili watu wasiupige picha mlima Fuji kutoka pale. Mlima mzima uliwekewa pazia kama dirisha la chumbani! Kama hiyo ndiyo harusi, nipeni masufuria. Na tangu lini mtu wa kwetu akadharau siku hiyo? Ukoko wa pilau unaliwa lini? Nani kamkasirikia nani, mahari ilikuwa ngapi kweli kweli, tunayajua lini?

Fomu ya viza inataka ratiba siku kwa siku. Tarehe 14 nimeandika "Shizuoka, shamba la chai". Tarehe 15 nimeandika hivyo hivyo. Tarehe 16 bado iko wazi, na jana usiku mtu fulani kaniandikia pembeni, si kwenye kundi, kuniuliza kama begi langu litakuwa na nafasi ya kilo mbili.