Kunyamaza, Kusema na Kusuta: Ulimi wa Mkristo Visiwani

Wakristo wa Unguja na Pemba ni wachache na wanajuana. Neno lililosemwa uani kwa kanisa la Kianglikana la Mkunazini asubuhi linaweza kuwa limeshafika kwa waumini wa kanisa Katoliki la Minara Miwili kabla ya chakula cha mchana, nalo njiani limeongezwa chumvi. Katika hali hiyo, mafundisho kuhusu ulimi huelekea upande mmoja kwa wepesi: nyamaza, sitiri, mwachie Mungu.

Hoja hiyo si dhaifu. Mithali 10:19 yasema katika wingi wa maneno hapakosi kuwa na maovu, na Yakobo 3 yaufananisha ulimi na moto mdogo uwashao msitu mkubwa sana. Aidha, Mkristo wa Visiwani anaishi ukuta kwa ukuta na jirani Mwislamu. Kauli moja ya kejeli kuhusu funga au adhana yaweza kuharibu ujirani wa miaka mingi. Petro wa kwanza 3:15 inaagiza kumjibu "kila mtu awaulizaye", kwa upole na kwa hofu. Wanaopenda mabishano ya dini hulikariri jibu na kulisahau sharti la kuulizwa kwanza.

Hata hivyo, Yakobo huyohuyo hakunyamaza. Sura mbili baada ya onyo lake, 5:4, anawakemea wazi matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Walawi 19 nayo imeyaweka mawili hayo bega kwa bega: aya ya 16 inakataza uchongezi, ya 17 inaamuru kumkemea jirani. Kanisa la Mkunazini lenyewe lipo penye soko la watumwa lililofungwa 1873, na jiwe la msingi likawekwa mwaka huohuo. Soko lile halikufungwa kwa watu kusitiriana.

Basi kuhesabu maneno hakutoshi. Kipimo kinachofaa zaidi, kwa maoni yetu, kimo katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489: hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli asiye na haki ya kuujua. Namba 2477 inatenga makosa matatu ambayo mtaani tunayachanganya: kumdhania mtu uovu bila msingi wa kutosha, kutangaza kosa lake la kweli bila sababu ya haki, na kumsingizia uongo. Lile la kati ndilo linalotuponyoka. "Lakini ni kweli!" hujitetea msemaji, kana kwamba ukweli pekee unampa ruhusa ya kuupeleka kila baraza.

Mathayo 18:15–17 inatoa utaratibu: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa kusikia, chukua mtu mmoja au wawili, akikataa tena, liambie kanisa. Linganisha na kusuta kwetu. Anayesengenywa humchukua aliyemletea habari pamoja na wenzake, wakaenda hadi mlangoni kwa msemaji, akaulizwa mbele ya mtaa mzima. Kusuta kuna wema wake, tusikudharau: kunamlazimisha msengenyaji asimamie maneno yake, na mashahidi wapo. Ila kunaanzia pale Mathayo anapomalizia. Lengo la aya ya 15 ni "umempata nduguyo", na mtu aliyekwisha kuaibishwa mbele ya majirani ni vigumu kumpata. Atatafuta la kulipiza.

Utaratibu huo huharibika zaidi katika hatua ya kwanza, kwa kurukwa. Mtu huenda "kuomba ushauri" kwa watatu kabla ya kumwona mhusika. Njia nyingine ni ombi la sala: "Tumwombee dada fulani, ndoa yake ina mambo." Katika kundi la WhatsApp la jumuiya, ombi hilo likipelekwa mbele mara mbili tu, limeshakuwa habari. Kama mhusika hakuruhusu, taja haja bila jina wala dalili ya kumtambulisha. Mungu anamjua.

Kanga ni suala gumu kidogo. Mwanamke asiyetamka hata neno anaweza kujifunga kanga yenye jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, la kumchoma jirani, akapita mbele ya mlango wake akimwamkia vizuri. Watetezi wa fumbo husema linaonya bila kufedhehesha, na hata nabii Nathani alianza na fumbo alipomkabili mfalme Daudi. Kweli, lakini Nathani hakuishia hapo: 2 Samweli 12:7, akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kijembe cha kanga humwachia mpigaji njia ya kusema, "Mimi nimevaa nguo tu." Huko ni kukemea kwa kujificha, na anayejificha hawezi kusikia jibu.

Kuna pahala hatua za Mathayo hazipaswi kutumiwa kabisa kama kizuizi: mtoto akidhalilishwa. Asiambiwe aende "peke yao" na aliyemdhuru, na wazee wa kanisa wasikae kulimaliza kimyakimya kwa kuhofia jina la kanisa. Wenye haki ya kujua hapo ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kituo cha Mkono kwa Mkono kinachowahudumia waliodhalilishwa, na wajue mapema, kabla ushahidi wa kitabibu haujapotea. Hata mzee wa kanisa halindwi na cheo: 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu ili kanisa lipokee mashitaka juu yake, lakini aya inayofuata inataka wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Tena masharti hayo ni ya baraza la kanisa. Polisi hawasubiri yatimizwe.

Na neno likiwa limeshatoka? Katekisimu, 2487, yadai malipizi hata kwa aliyekwisha kusamehewa. Aliyesingizia arudi kwa masikio yaleyale aseme, "Nilisema uongo". Kama alisema kundini, asahihishe kundini, asimnong'oneze mmoja pembeni. Aliyetangaza siri ya kweli ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa hawezi kuikana bila kuongeza uongo juu ya kosa. Linalobaki ni kukiri kwa waliomsikia kwamba hakuwa na haki ya kusema, kuwaomba wasiieneze, na kumwendea mwenye siri mwenyewe kabla hajapashwa habari na mwingine.