CD ya Tatu Ilipotangulia ya Pili

Filamu ya dakika 158 haiingii kwenye VCD moja, ile diski ya video. Hata kwenye mbili inaingia kwa kubanwa, maana VCD moja inabeba dakika 74, ukiilazimisha sana 80. Kwa hiyo wauza CD wa mtaani waliikata Where Eagles Dare, filamu ya vita na ujasusi, vipande vitatu, wakaandika 1, 2 na 3 juu yake kwa kalamu ya wino, wakauza. Wino ule unafutika kwa jasho la kidole, na kijana wa deki kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, kimoja cha Ngamiani, Tanga, alikuwa na vidole vya jasho hasa.

Mimi nilikaa benchi la pili karibu na spika. Filamu naijua tangu tangazo la mwanzo hadi muziki wa mwisho. Mtafsiri, yule anayewaeleza watazamaji filamu kwa Kiswahili papo hapo, ndiye aliyekuwa haijui.

Mtafsiri anayejiheshimu hukaa na filamu peke yake kabla ya kuipandia jukwaani. Huwa na daftari, anaandika majina na upande wa kila mtu, na kama ni filamu ya kijasusi anatia alama kila mahali mhusika anapodanganya, ili asije akaropoka siri saa moja kabla ya wakati wake. Kisha anapanga miksa: maiki chaneli yake, filamu chaneli yake. Akisema anashusha sauti ya filamu, risasi zikianza anaipandisha, ananyamaza na kunywa maji. Mtafsiri wetu alikuwa ameangalia dakika ishirini za mwanzo, umeme ukakatika, akajiona yuko tayari.

Tena hii si filamu ya kuikisia. Ilitoka mwaka 1968, mwongozaji Brian G. Hutton, hadithi ya Alistair MacLean, na MacLean alikuwa hapendi mtazamaji astarehe. Majira ni ya baridi ya 1943 kuingia 1944. Jenerali wa Kimarekani, Carnaby, ndege yake imeangushwa, amefungiwa kwenye ngome ya Wajerumani milimani, ngome ambayo haifikiki ila kwa kibehewa kinachotambaa kwenye waya juu ya korongo. Waingereza wanatuma watu saba wakamwokoe kabla hajachomwa sindano ya kumfanya aseme kweli. Kiongozi ni Meja Smith, ndiye Richard Burton. Wa pili ni Luteni Schaffer, Mmarekani, ndiye Clint Eastwood. Wote saba wamevaa sare za Kijerumani, na ndani ya filamu Wajerumani na Waingereza wote wanaongea Kiingereza. Ukiwa na maiki mkononi na hukuangalia mapema, huna alama hata moja ya kukuambia nani ni nani.

Mtafsiri akafungua kwa mbwembwe: “Jamani, ndani humu mna msaliti! Mtajeni, mwenye jibu anywe soda za wenzake.” Watu wakaweka madau, soda moja kila mtu, chupa zikapangwa mbele ya mwenye kibanda. Mzee mmoja aliyestaafu ukuli bandarini akamtaja Schaffer, “huyu haongei, na asiyeongea ana jambo.” Fundi baiskeli akamtaja Smith mwenyewe. Wanafunzi wawili wakasema Mary, yule mwanamke aliyeruka na parashuti nyuma ya wenzake. Mama Chapati, ambaye alikuja kudai deni la asubuhi na akaketi, akamtaja Kanali Turner, bwana wa London anayeonyesha ramani kabla ya safari.

“Mama, huyo hata hajapanda ndege,” mtafsiri akamwambia.

“Ndiyo maana. Anawapeleka watoto wa watu kwenye barafu, yeye anabaki na chai yake.”

Wakacheka. Mimi nikanyamaza, nikabana midomo mpaka ikauma.

CD ya kwanza ilienda vizuri, na ni CD yenye mengi kuliko inavyoonekana. Harrod, mtu wa redio, anaokotwa kwenye theluji shingo imevunjika. Wenzake wanadhani kaanguka vibaya. Smith anaikagua ile shingo kwa utulivu wa mtu anayehesabu, anakichukua kitabu cha alama za siri, na hamwambii mtu kitu. Halafu anatoka peke yake usiku kwa kisingizio, kumbe anakwenda kuonana na Mary, ambaye hakuna mwingine kikosini anayejua kwamba yupo. Redio anaizungumza yeye tu. Kijijini anakufa wa pili, MacPherson. Mtazamaji mwenye hesabu afanye hesabu hapo: saba toa wawili ni watano, kiongozi anawaficha wanne, na wanaokufa hawafi kwa risasi za Wajerumani. Mtafsiri alipita juu ya yote hayo akisifia theluji.

CD ikakatika pale mkahawani, Wajerumani wameingia na Smith anaamua kujisalimisha. Kijana wa deki akachukua diski, akaipangusa kwenye shati, akaisukuma ndani. Ilikuwa ya tatu.

Picha ilipofunguka, Smith yumo ndani ya ngome, bunduki mkononi, anawasukuma kwa mtutu Thomas, Berkeley na Christiansen, wale wale alioruka nao kwenye ndege moja. Kati ya mkahawa na hapo imekosekana karibu saa nzima, na ndiyo saa yenye hadithi. Mtafsiri alitazama skrini, akatazama kijana wa deki, akatazama mlango. Kisha akapandisha maiki.

“Naam! Meja Smith sasa anawahimiza wenzake. Twendeni, ndugu zangu, twendeni.”

Smith akamteremsha Thomas kwa kamba dirishani. Chini Wajerumani wanamwona, wanammiminia risasi. Hicho ndicho Smith alichokuwa anakitaka, amemtuma kama chambo.

“Oo! Bahati mbaya,” akasema mtafsiri. “Smith anasikitika sana.”

Uso wa Richard Burton haukuonyesha masikitiko yoyote. Mzee wa bandarini akageuka, “Bwana mdogo, huyu anasikitika kwa sehemu gani?”

Hapo pakaingia pigano la juu ya kibehewa cha waya. Berkeley na Christiansen wanatoroka nacho, Smith anarukia paa, anatega baruti, wale wawili wanapanda kumfuata, na hapo ni mateke, ngumi na sururu ya barafu, huku korongo liko chini linasubiri. Ukitaka kujua, ngome ile ni Hohenwerfen ya Austria, na kibehewa ni cha mlima Feuerkogel kule Ebensee. Ni sehemu mbili mbalimbali zilizoshonwa na kamera. Mtafsiri hakuwa na nafasi ya kusema hayo. Mbele yake shujaa alikuwa anampiga mwenzake sururu ya mkono.

“Ni... ni baridi, jamani. Baridi ikizidi inapandisha wazimu.”

Mmoja akaporomoka. Smith akarukia kibehewa kinachopishana nao, nyuma yake kile cha kwanza kikalipuka pamoja na aliyebaki. Kibanda kizima kikasimama. Mtafsiri akajua baridi haitamfikisha mbali, akakata shauri: “Msaliti amejulikana! Ni Smith! Kawamaliza wote!”

Fundi baiskeli aliruka juu akagonga bati. Soda akazifungua pale pale, mbili akanywa yeye, zilizobaki akagawa kwa jamaa wa benchi lake. Mama Chapati akamtazama mtafsiri muda mrefu, akasema tu, “Maliza kwanza.”

Basi lenye jembe la theluji likapita kama kawaida, nguzo zikaanguka, pikipiki zikaruka, ndege zikasagwa uwanjani. Kwenye sehemu hiyo mtafsiri huwa hahitajiki, spika zinatosha. Shida ikarudi ndani ya ndege ya kuondokea, ile Junkers Ju 52. Humo wamo Smith, Schaffer, Mary, Heidi, mpelelezi mwingine wa Waingereza, na Jenerali, na aliyekuja kuwapokea ni Kanali Turner wa London. Smith anaongea taratibu, Turner anashika bunduki na kumwelekezea.

“Mnaona!” mtafsiri akapata nguvu. “Kanali amemgundua! Anamkamata msaliti!”

Makofi. Turner akavuta kifyatulio. Kimya. Ukweli wa pale ni kwamba bunduki ile amepewa na bosi wake, Admirali Rolland, huku pini ya kufyatulia imeshaondolewa, maana Rolland alikuwa anamshuku tangu mwanzo. Fundi wa silaha ataguna kidogo hapo: kwenye Sten, aina ya bunduki ile, pini imechongwa pamoja na bolti, haichomoki, ungelazimika kuisaga kwa tupa. Lakini mtu anayeingiza helikopta ya Bell 47 kwenye vita, na helikopta hiyo iliruka mara ya kwanza Desemba 1945, hawezi kusumbuliwa na pini.

Turner akaweka bunduki chini. Akaenda mlangoni. Akaufungua. Akatoka, bila parashuti.

Kwenye spika ukasikika muungurumo wa injini tu. Mtafsiri alifunga mdomo, akaufungua, akasema, “Kanali... ameshuka.”

“Ameshuka wapi?” mzee akauliza. “Ndege si iko hewani?”

“Kazi yake imekwisha, mzee wangu.”

“Na mkamatwa wake kamwachia nani?”

Majina yakapanda. Watu hawakutoka. Mwenye kibanda akafoka, kijana wa deki akaikuta diski iliyobaki, akaiweka ili kutuliza fujo. Na wa kwanza kutokea kwenye skrini, mzima, nywele zimechanwa, alikuwa Thomas.

“Kafufuka!” akapiga kelele mwanafunzi mmoja. Nyuma yake Berkeley, nyuma yake Christiansen, wote watatu salama salimini wanapelekwa ngomeni.

Mtafsiri, na hapa nampa heshima yake, alifikiri haraka kuliko filamu. “Tulieni. Meja Smith yuko ndani ya ndege, anakumbuka yaliyopita.”

Cha ajabu ni kwamba maelezo yake yalikaa sawa. Hadithi hii ukiitazama mwisho kwanza halafu katikati, unaielewa kuliko aliyeipanga mwenyewe. Kwa sababu kinachofuata ni ule ukumbi mkubwa wa ngome, Kanali Kramer na Jenerali Rosemeyer wamekaa mezani, na Smith anaingia na kumpokonya Schaffer silaha. Anawaambia Wajerumani: mimi ni mwenzenu, mpelelezi wa Kijerumani. Carnaby wenu ni bandia, ni koplo wa Kimarekani anayeitwa Cartwright Jones, mwigizaji tu. Na hawa watatu mnaodhani ni wapelelezi wenu kutoka London ni Waingereza.

“Nimesema nini mimi!” fundi baiskeli akainua chupa tupu.

Kramer hataki kuamini. Smith anamwonyesha, yeye peke yake, jina la mpelelezi mkuu wa Wajerumani kule London. Kramer anatikisa kichwa: ndilo. Simu inapigwa Italia, kwenye makao ya Kesselring, mkuu wa majeshi ya Wajerumani huko, na kule nako wanamthibitisha Smith. Sasa inabaki kazi ya wale watatu kujitetea, na Smith anawapa njia: kila mmoja aandike peke yake, kwenye daftari, majina yote ya wapelelezi wa Kijerumani walioko Uingereza. Tutayalinganisha na orodha yangu. Asiyejua ni mwongo. Kalamu zinakwenda mbio, maana wanaandika kuokoa roho zao. Smith anakusanya madaftari, anampa Kramer lake alinganishe.

Kramer analifungua. Kurasa nyeupe, zote. Smith hakuwa na orodha. Alikuja kuichukua.

Ndege ya Carnaby iliangushwa kwa makusudi, Jenerali ni chambo, uokoaji ni kisingizio. Wasaliti ni wale watatu kweli, na Schaffer aliletwa kwa sababu moja tu: ni Mmarekani, hana uhusiano na ofisi ya London, hakuna aliyepata nafasi ya kumnunua. Lile jina alilolitikisia kichwa Kramer ni Turner. Ndani ya kibanda watu walilifikia wenyewe, mmoja mmoja, kwa kuwa walikuwa wameshamwona akitoka mlangoni.

Shingo zikageuka kwa Mama Chapati.

“Soda zangu,” akasema.

Mwenye kibanda akaonyesha kreti. Chupa zote tupu. Fundi baiskeli akadai amekunywa kwa tangazo halali la mtafsiri, na mtafsiri akadai katangaza kwa picha halali ya kijana wa deki. Kijana akadai wino. Mama akasema yeye hamjui wino, anazijua soda sita na chapati nne za asubuhi, akamwandika mwenye kibanda kwenye daftari lake, ambalo halikuwa na ukurasa mweupe hata mmoja.

Ili yasirudie, kijana wa deki akachukua msumari akachonga namba upande wa juu wa kila diski, kwa uangalifu, asiguse upande unaong'aa. Watu wengi hudhani hivyo ndivyo usalama, na sivyo. Upande wa chini una plastiki nene, mkwaruzo mdogo mara nyingi unapita. Data iko juu, chini ya rangi tu, na msumari ukiichubua basi imekwenda.

Filamu ikarudiwa kwa mpango wake, moja, mbili, tatu, mtafsiri sasa anaijua kama sala. Akaficha alichopaswa kuficha, akamwacha Harrod afe bila kumtaja muuaji, akavuta pumzi kwenye ukumbi wa ngome. Kramer akanyoosha mkono, akashika daftari, akaanza kulifungua, picha ikagawanyika vigae vya kijani na kusimama.

Mtafsiri alingoja. Akashusha sauti, ingawa haikuwepo.

“Humo ndani hamna kitu,” akasema.

“Kwenye daftari,” akauliza Mama Chapati, “au kwenye CD?”