Abiria wa meli ana saa 6 Mtwara, msimpeleke Msimbati

Meli za watalii haziingii Mtwara kila wiki. Nadhani ndiyo maana kila inapokuja moja, waongoza watalii wetu hutaka kumaliza mkoa mzima kwa siku hiyo: Msimbati, Mikindani, soko la samaki, wachongaji, na mwenye pupa zaidi anataja Lindi, kilomita mia na ushee kwenda tu. Kwa mgeni aliyeachana na basi la meli akamchukua mwongozaji wa kujitegemea, vituo vitatu vinatosha, na kimoja kati ya hivyo lazima kiwe Mikindani.

Tuanze na hesabu. Meli ikifunga gati saa 1 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, watu husema kuna saa 10. Hazipo. Abiria hawashuki kabla ya Uhamiaji, afya na forodha kumaliza kazi yao, kwa hiyo kumpata mgeni nje ya geti saa 3 asubuhi ni bahati njema. Mwisho wa kupanda nao huwa nusu saa mpaka saa nzima kabla meli haijang'oka. Ukimrudisha getini saa 9 alasiri, zimebaki saa 6, chakula kikiwa humo humo.

Huo muda wa akiba mwishoni si woga. Ziara iliyouzwa na meli yenyewe ikichelewa, kwa kawaida meli huisubiri. Ya kujitegemea haisubiriwi. Aliyeachwa Mtwara hujitafutia mwenyewe njia ya kuifuata meli. Kama inakwenda Dar es Salaam au Zanzibar, ana safari ya basi ya kutwa nzima, zaidi ya kilomita 500, au asubiri ndege yenye nafasi. Kama inashuka Msumbiji, linaingia na suala la viza, na pasipoti huenda iko melini. Kwa hiyo kabla gari halijawashwa, hakikisha mgeni ana pasipoti au walau nakala yake, na simu ya wakala wa meli hapa bandarini. Saa ya kurudi aiandike yeye kwa tarakimu za meli, 15:00, kwa sababu ukimwambia "saa tisa" kwa Kiingereza ataelewa mengine kabisa. Muulize pia kama saa ya melini ni sawa na ya Tanzania. Si lazima iwe.

Msimbati ni kuzuri, sibishi. Lakini ni zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma yenye kiingilio chake, na gari la chini likizama kwenye mchanga ule, ratiba imekufa. Mwachie mgeni anayelala.

Mtwara mjini nako si pa kutembeza watu kwa miguu. Mji huu ulipangwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa kilimo kikubwa cha karanga wa 1947 hadi 1951, pamoja na bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea iliyokuja kung'olewa. Karanga zilishindikana, barabara pana na majengo ya mbalimbali yakabaki. Tumia gari. Simama kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, lenye michoro ya ukutani ya padri Mjerumani Polycarp Uehlein. Dakika 30 zinatosha, ila ulizia kwanza kama kuna ibada.

Mikindani ndiko kwa miguu. Ni kilomita kama 10, barabara ya Lindi. Tenga saa 2, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ingia vichochoroni kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, onyesha milango ya nakshi, kisha panda Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo leo ni hoteli. Hapo uwe umeagiza chakula kwa simu tangu asubuhi. Ukiagiza samaki baada ya kukaa mezani, umetoa saa nzima sadaka. Ramadhani, ulizia kabisa nani anapika mchana.

Na historia isitiwe chumvi. Livingstone alifika ghuba ya Mikindani Machi 1866, hilo halina ubishi. Kwamba alilala katika ile nyumba ya Mikindani yenye kibao cha kumbukumbu yake, hilo linasadikiwa tu, na mgeni aliyesoma atakubana.

Kituo cha tatu, wachongaji wa Kimakonde. Mpingo wa kweli huzama majini, mti uliopakwa kiwi mweusi mara nyingi huelea, na fundi mwaminifu hatakataa kipande kijaribiwe kwenye ndoo. Matumbawe na gamba la kasa mgeni asinunue kabisa, atanyang'anywa mbele ya safari.

Yanayoharibu siku ni madogo. Kuanzia Oktoba malori ya korosho yanaweza kujaa njia ya bandarini, basi ongeza nusu saa ya kurudi. Gari lisilo na kibali cha kubeba watalii, au mwongozaji asiye na leseni, atapoteza muda kwa trafiki huku mgeni akitazama saa. Bei itajwe kwa gari zima, si kwa kichwa, na kwa shilingi, maana tangu 2025 kanuni zinakataza huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Mgeni aliyetoka melini hana shilingi, kwa hiyo kabla ya vile vituo vitatu pitia mashine ya ATM: dakika 20, na benki ya pili uwe unaijua, kwa sababu ya kwanza inaweza kuikataa kadi yake.