Mabingwa wa Agosti

Katika mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu hakuna mwezi wenye furaha kama Agosti, kwa sababu karibu mwezi mzima hakuna timu iliyofungwa. Vikosi huwa kambini, wachezaji hujifua wenyewe kwa wenyewe, na waandishi wa habari, ambao mara nyingi huruhusiwa kutazama kipande tu cha mazoezi kabla ya kuombwa watoke, huandika kila jioni kwamba mambo yanakwenda vizuri. Aliyekuwa mnene amepungua na sasa ni mwepesi. Aliyekuwa mwembamba ameongezeka na sasa hasukumiki. Aliyeumia msimu uliopita amerudi na kasi kuliko aliyoondoka nayo. Mtu aliyekulia kwenye magazeti ya michezo ya Dar es Salaam, ambako kila mwaka kuelekea Simba Day na Wiki ya Mwananchi mshambuliaji mpya hutangazwa kuwa hatari kabla hajagusa mpira, angeweza kudhani kwamba huo ni wimbo uleule. Mimi nilikataa. Hawa ni Wamarekani, nilijiambia, watu wanaopima kila kitu kwa yadi na sekunde. Hawawezi kusifia ovyo.

Mwaka 2024 timu iliyoniteka ilikuwa Florida State ya mjini Tallahassee, na kilichonivuta kwao ni jiografia. Ninaishi Dublin, ninapika katika hoteli moja ya hapa, na msimu wa vyuo wa mwaka huo ulipangwa kufunguliwa hapahapa, katika uwanja wa Aviva, Jumamosi tarehe 24 Agosti, Florida State wakipambana na Georgia Tech ya Atlanta. Florida State walikuwa wametoka katika msimu wa ajabu: mwaka 2023 walishinda mechi zote 13 hadi kutwaa ubingwa wa kanda yao, kisha wakanyimwa nafasi katika timu nne za kuwania ubingwa wa taifa baada ya kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), Jordan Travis, kuvunjika mguu. Kipigo cha 63 kwa 3 walichokula kwa Georgia, chuo kingine tofauti na Georgia Tech, mwishoni mwa Desemba sikukihesabu, kwa kuwa wakubwa wengi hawakucheza. Wachezaji wao 10 walikuwa wamechukuliwa na timu za kulipwa, nao wakajaza mapengo kwa wachezaji wa kuhamia, akiwemo kwotabeki mpya, DJ Uiagalelei, aliyekwisha kuzichezea Clemson na Oregon State. Orodha ya timu bora ya shirika la habari la Associated Press iliwaweka nafasi ya 10 kabla ya msimu kuanza. Georgia Tech, waliotoka na ushindi mara 7 na vipigo 6, hawakuwamo kwenye orodha hiyo.

Sasa, kaka wa mke wangu anaishi Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, anaendesha lori la masafa marefu, na mwanawe anasoma Georgia Tech. Yeye ni Mchaga wa Machame na mimi ni Mpare wa Usangi, na wanaoujua utani wa makabila hayo mawili hawahitaji maelezo zaidi. Aliponipigia simu kwamba anakuja Dublin kutazama mechi na kwamba atafikia kwangu, nilimkaribisha kwa moyo mweupe, kisha nikamwonea huruma.

"Shemeji, unatoka kote huko kuja kuhudhuria msiba?"

Akaniuliza nimeujua lini mpira huo. Nikamjibu kwamba ninasoma ripoti.

Nilikuwa nazisoma kweli, na nilikuwa nazo kwenye daftari. Daftari lenyewe lilikuwa lile la kuandikia joto la majokofu ya jikoni, ambalo msimamizi wetu hupewa mengi kuliko anavyohitaji. Safu ya tarehe niliiacha ilivyo. Safu ya joto nikaifanya ya mashambulizi, na ile iliyoandikwa "saini ya mkaguzi" nikaifanya ya ulinzi. Siku mstari wa mbele wa ulinzi ulipowasukuma wenzao wa mashambulizi hadi wakaangukiana, niliweka alama ya vema upande wa ulinzi na kuandika pembeni: ukuta huu haupitiki. Kesho yake, mashambulizi walipoutoboa ukuta huohuo, niliweka vema upande wa mashambulizi: hawa hawazuiliki. Kwotabeki alisifiwa utulivu, nikamwekea vema mbili. Kufikia katikati ya mwezi daftari lilikuwa na vema tupu pande zote, jambo ambalo hakuna jokofu hata moja la hoteli yetu lililowahi kulifikia.

Jioni moja shemeji alinipigia akiwa amepaki lori mahali fulani Tennessee, nikamsomea ukurasa mzima. Alinisikiliza kwa subira ambayo baadaye niligundua kuwa alikuwa anatafuna.

"Shemeji, hao hapo wanacheza na nani?"

"Wenyewe kwa wenyewe. Ni mazoezi."

"Basi anayeshinda ni wao na anayeshindwa ni wao. Mimi nikitoa hela mfuko wa kulia nikazitia wa kushoto, wewe utaandika kwamba nimetajirika?"

Nikamwambia kwamba hoja za dukani zisiletwe kwenye uchambuzi. Akaongeza kwamba kwotabeki mazoezini huvaa fulana ya rangi yake peke yake, kuwajulisha wenzake kwamba haruhusiwi kuangushwa, na kwamba hata yeye, kwa umri wake na kitambi chake, angekuwa mtulivu kama angehakikishiwa kwamba hakuna atakayemgusa. Hilo nalo nililiandika, lakini sikuliwekea alama yoyote.

Ndipo tukafikia kwenye mkataba. Sisi Wapare tunasingiziwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Ni masingizio, ingawa ni kweli kwamba mkataba huo niliuandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino, na kuutafutia shahidi. Fedha hazikuhusika, kwa kuwa kamari siipendi na kwa kuwa fedha ni fedha. Atakayeshindwa angevaa mavazi ya timu ya mwenzake tangu kipyenga cha mwisho hadi jua la Jumapili litue. Shemeji alikuwa tayari kutia sahihi hapo, lakini nilimjua: angejifungia chumbani na kusingizia uchovu wa safari. Kwa hiyo nikaongeza kifungu kwamba mavazi hayo yatavaliwa "bila kujali mahali, shughuli, wala watu waliopo". Nilikuwa nimekwisha kumnunulia fulana ya rangi ya damu ya mzee yenye dhahabu, na rangi za kupaka usoni. Shahidi alikuwa mke wangu, ambaye kwa ndoa alikuwa upande wangu na kwa damu upande wa kaka yake.

Jumamosi tulipanda treni hadi Lansdowne Road, kituo kilicho chini kabisa ya jukwaa la uwanja, kiasi kwamba unashuka kwenye behewa ukiwa karibu umekwisha kukaa kwenye kiti chako. Florida State walitangulia kufunga, na walifunga kwa urahisi. Nilisimama. Nyuma yetu walikuwa wamekaa bwana na bibi wa Kiayalandi waliozoea raga, nami nikawaeleza, bila kuombwa, kwamba hayo yote yalitabiriwa na kwamba wasubiri waone ulinzi.

Ulinzi ukaonekana. Georgia Tech hawakuwa na mambo mengi. Walichukua mpira, wakaufumbata kifuani, wakakimbia nao katikati ya ule ukuta usiopitika, na mwisho wa siku walikuwa wamekimbia karibu mara mbili ya yadi walizokimbia wenzao. Kila waliposogea, shemeji aliniomba nimsomee tena ukurasa wa katikati ya mwezi. Upande wa pili, mashambulizi wasiozuilika walizuiwa na watu ambao sikuwa nimesoma habari zao hata mstari mmoja, kwa sababu ripoti za Atlanta sikuzifuatilia. Mchambuzi hawezi kusoma kila kitu. Mtu mmoja tu wa Florida State alivuka matarajio yote, naye ni mpigaji wao, Ryan Fitzgerald, aliyeupeleka mpira katikati ya nguzo kutoka yadi 59. Nikafungua daftari haraka nimwonyeshe shemeji nilichoandika juu yake. Daftari halikuwa na safu ya wapigaji.

Matokeo yakawa 21 kwa 21. Georgia Tech wakachukua mpira zikiwa zimebaki zaidi ya dakika sita, wakawa wanausogeza taratibu, yadi nne hapa, tano pale, kama watu wasio na haraka ya kurudi kwao, hadi saa ikakaribia sifuri. Kisha mpigaji wao, Aidan Birr, akapiga kutoka yadi 44, na mpira ulipopita kati ya nguzo hakukuwa na muda wa kufanya lolote. Ishirini na nne kwa 21. Yule bwana wa Kiayalandi aliinama akaniuliza kwa upole kama hilo nalo lilitabiriwa.

Shemeji hakushangilia. Alivuta begi lake kutoka chini ya kiti na kufungua zipu polepole.

Kwa faida ya wasiojua, wachezaji wa Georgia Tech huitwa manyigu. Vazi alilokuja nalo lilikuwa sweta la mistari myeusi na ya manjano, lililokusudiwa mtu mfupi kuliko mimi, lenye mabawa mawili ya kitambaa chepesi kilichotandwa juu ya waya mgongoni, na pamoja nalo kofia yenye vipembe viwili vya springi, kila kimoja na kitufe cha manjano mwishoni. Bawa la kushoto lilikuwa limepinda kwenye ndege, kwa hiyo lilielekea mbele na kunipapasa sikio kila nilipogeuka. Nililivaa palepale. Kwenye treni ya kurudi mashabiki wa Georgia Tech walinikumbatia kama ndugu, na wale wa Florida State walinitazama kama msaliti.

Nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi ya kuipisha Jumapili nikiwa kitandani, ndipo mke wangu akanikumbusha mambo mawili. La kwanza, kifungu cha mahali, shughuli na watu. La pili, zamu ya kusoma somo la Agano la Kale katika ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa yangu.

Sitasimulia safari ya basi. Nitasema tu kwamba nilifika mapema nikakaa kiti cha mwisho kabisa, na kwamba watoto wa Shule ya Jumapili wote walihamia viti vya nyuma. Somo la siku hiyo lilikuwa Yoshua 24, na karatasi iliagiza mistari michache ya mwanzo, kisha msomaji aruke hadi wa 14. Nilishukuru kwa ufupi wake. Lakini nilimwona shemeji amemwinamia mzee wetu wa ibada, mtu wa Kigoma, mcha Mungu asiye na mzaha hata chembe, anamnong'oneza, na mzee anatikisa kichwa kukubali. Mara akasimama akatangaza kwamba mgeni wetu kutoka Marekani ametoa wazo jema: Neno la Mungu halirukwi, tusome sura yote.

Nikasoma. Nilipita kwa Tera na Ibrahimu, nikapita Misri na Bahari ya Shamu, nikavuka Yordani, bawa likinipapasa sikio kila nilipofungua ukurasa. Mstari wa 12 niliuona ukija kwa mbali na sikuwa na pa kukimbilia. "Nikatuma mavu mbele yenu," nikasoma, mavu wakiwa ndio haohao manyigu, na springi za kofia zikatikisika zenyewe. Wabasi wa kwaya ndio walioanza. Nikajikaza nikaendelea hadi pale panaposema kwamba maadui walifukuzwa "si kwa upanga wako, wala si kwa upinde wako", na hapo shemeji, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa amejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, alilazimika kutoka nje.

Mzee wetu peke yake hakucheka. Nilipomaliza alisimama, akanitazama kuanzia vipembe hadi viatu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya utumishi hajaona msomaji aliyejiandaa kwa somo kiasi hiki, hadi kwa mavazi, na akawaomba vijana waige mfano huo. Nilipigiwa makofi. Baada ya ibada akanishika mkono akauliza kama ninaweza kushughulikia pia nzige wa kitabu cha Kutoka, na vyura, kwa ajili ya watoto.

Florida State walimaliza msimu huo na ushindi mara 2 na vipigo 10. Mimi sikubishana na matokeo. Nilibadilisha mbinu tu. Agosti ya 2025 ripoti kutoka Tallahassee zilipoanza tena kusema kwamba wote wamepungua, wameongezeka na wametulia, nilizisoma kinyumenyume, nikahesabu kila sifa kuwa onyo, na nikamwandikia shemeji mkataba mpya wenye vifungu vilevile: Alabama, waliokuwa nafasi ya 8, watawakung'uta Florida State nyumbani kwao. Shemeji alikubali kuwachukua Florida State bila kusoma lolote, akiwa njiani na lori. Tarehe 30 Agosti Florida State walishinda 31 kwa 17. Hapa Dublin ilikuwa karibu saa sita ya usiku, na sijui ni nani aliyempelekea mzee habari, lakini kulipokucha alinipigia simu kuuliza safari hii nguo ni ya rangi gani, ili ajue tusome sura ipi.