Masharti ya Opali
Sina ugomvi na mtu anayependa vito. Ugomvi wangu ni na opali, jiwe ambalo kabla halijakaa kidoleni limekwisha kutoa masharti mengi kuliko mganga. Nilikusudia kununua pete ya fedha iliyopachikwa opali kwa ajili ya mke wangu, ambaye alikuwa amenionyesha picha yake kwa namna ambayo mume mwenye akili hasubiri kufafanuliwa.

Upande wa fedha haukunisumbua. Muhuri wa 925 una maana ya kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini hayo, 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno na huchakaa upesi. Nawaonea huruma wanaouziwa ile iitwayo fedha ya Kijerumani, ambayo ni shaba, nikeli na zinki, na fedha yenyewe haikualikwa.

Kisha nikauliza kama jiwe ni opali ya kweli. Muuzaji akavuta pumzi, nami nikajua kwamba hapa pana hotuba. Ipo opali nzima, iliyochimbwa na kukatwa jinsi ilivyo. Ipo ya tabaka mbili, yaani ubamba mwembamba uliogundishwa juu ya kitu cheusi ili rangi zake zichomoze. Ipo ya tabaka tatu, ambayo hufunikwa tena kwa kioo au kwatzi, jiwe gumu liangavu, na opali iliyobanwa katikati huwa nyembamba kiasi kwamba mnunuzi anaweza kujiuliza kama halipii gundi. Ipo ya maabara, na ipo iliyopondwapondwa, ikakorogwa na gundi na kumiminwa katika mifereji ya pete. Mkiani kabisa ipo opalaiti, ambayo ni kioo kitupu. Kibandiko cha bei hakikujisumbua na haya yote. Kilisema opali, basi.

Nikauliza nitazitofautishaje. Akanishauri nilitazame jiwe ubavuni, kwamba nikiona mstari ulionyooka mahali ambapo vitu viwili vinakutana, hizo ni tabaka zilizogundishwa. Ushauri ni mzuri sana, isipokuwa kwamba jiwe lililopachikwa limezungukwa na fedha pande zote, na huo ubavu hauonekani. Sitashangaa nikiambiwa kwamba ndiyo sababu baadhi ya mafundi wanapenda mno kupachika. Kuhusu ya maabara, akasema hujulikana kwa rangi zilizojipanga kwa unadhifu, mithili ya magamba ya mjusi. Kwa hiyo jiwe likinyooka kupita kiasi litiliwe shaka.

Na hizo rangi, kumbe, si rangi. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Australia, nchi yenye sifa kubwa kwa opali, waliichungulia kwa hadubini ya elektroni wakakuta tufe ndogo mno za silika, zimepangwa safu kwa safu, zikiuchambua mwanga unaopita kati yake. Silika ndiyo hiyo hiyo iliyojaa mchangani, na kilichoongezwa ni maji, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 6 na 10 ya uzito wa jiwe. Basi natoa akiba yangu kwa mchanga na maji kwa sababu tu vimejipanga. Mimi nimejipanga foleni maisha yangu yote na bei yangu haijapanda.

Je, inaruhusiwa kulowa? Ile nzima ya Australia haina neno. Ya tabaka haitaki kulowekwa, kwa maana maji yakipenya kwenye gundi hulifanya jiwe lififie kama lenye ukungu. Nyingi zinazotoka Wollo, Ethiopia, hunywa maji zenyewe, na rangi zake zikaweza kupotea mpaka zikauke. Basi isilowe? La, joto kali likiikausha huenda ikapasuka. Nifute vumbi tu? Vumbi lina chembe za kwatzi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali opali haivuki sana 6, hivyo kuipangusa kavu ni kuikwaruza. Wakati huohuo fedha, ikikutana na salfa iliyo hewani, huwa nyeusi na kudai isafishwe, na dawa nyingi za kuisafishia ndizo opali isizozitaka. Wawili hawa hawaivi chungu kimoja, lakini wamefungwa katika pete moja, na msuluhishi ni mimi.

Hata hivyo nililipa. Mke wangu aliyasikiliza masharti yote kwa utulivu usio wa kawaida yake, kisha akatamka kwamba, kwa kuwa pete hairuhusiwi kukaribia sabuni, maji ya moto wala vumbi, vyombo na ufagio sasa ni vyangu. Nilipomkumbusha kwamba pete huvuliwa, alijibu kwamba sharti hilo muuzaji hakulitaja.